Trisikli kwenye mpaka: historia ya nafasi ya mulemavu na wale wanaoiingia



Kila mtu aliye na ndugu Ulaya amekwisha kusikia hadithi ya parkingi. Ndugu amepata gari, anatuma picha, wote tunafurahi. Wiki ya pili analia. Aliweka gari dakika kumi mahali pamechorwa mtu wa kiti cha magurudumu, akarudi akakuta amande inamungoja. Ufaransa ni yuro 135, hakuna kubembeleza. Sisi huku tunacheka, kwa sababu Bukavu parkingi ni pale dereva amezimisha moteri, na anayekuja kudai pesa ni kijana wa jetoni ambaye haangalii kama una miguu miwili ao hauna hata mmoja.

Tucheke, lakini tusifikiri haya ni mambo ya wazungu peke yao. Congo yetu pia iliwahi kumuwekea mulemavu nafasi ya pekee, tena tangu miaka ya 1970, wakati uleule Uingereza ilianza ya kwake. Tofauti ni kwamba yetu haikuchorwa chini kwa rangi. Ilikuwa ndani ya bato na mbele ya meza ya duane. Na lile jambo linalowasumbua Ulaya, kwamba wenye miguu mizima wanaingia katika nafasi ya mulemavu, lilitokea kwetu pia, ila kwa namna yake. Ni hiyo namna nataka tuiangalie.

Nianze na Ulaya kidogo, ili tulinganishe vizuri.

Mwaka 1970 bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya wagonjwa wa kudumu na walemavu. Aliyeileta ni Alf Morris, mbunge wa Manchester, ambaye mwaka 1974 alifanywa waziri wa kwanza wa nchi ile kushughulika na walemavu. Kutoka sheria hiyo ilizaliwa, mwaka 1971, karti ya rangi ya machungwa. Mulemavu anaiweka mbele ya kioo, anaruhusiwa kusimamisha gari pale wengine hawaruhusiwi. Mwaka 2000 ikageuka ya buluu, sawa na ya nchi zingine za Ulaya. Ufaransa ilikuwa na alama zake, GIG na GIC, ya kwanza ya walioumia vitani, ya pili ya raia. Na ule mchoro wa mtu kwenye kiti, unaojulikana sasa dunia nzima, ulichorwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, msichana wa Denmark aliyekuwa bado mwanafunzi. Katika mchoro wake kiti hakikuwa na kichwa juu yake. Kichwa kiliongezwa na Karl Montan, kiongozi wa kamati iliyouchagua. Mimi napenda sana habari hiyo: walichora kiti kwanza, mtu akaja nyuma.

Jambo kubwa la karti ile ni kwamba ni ya mtu, si ya gari. Mulemavu anaweza kupanda gari la mtoto wake, la jirani, hata la taksi, karti inamufuata. Ni mpango wa akili. Lakini ni palepale mlango wa udanganyifu ulifunguka, maana kitu kinachotembea kinaazimika. Mjukuu anaichukua kwa bibi aliyelala nyumbani, anaenda nayo mjini. Kuna wanaotumia karti ya marehemu. Kuna wanaovunja vioo vya magari na kuziiba, kwa sababu katika miji kama London kusimamisha gari ni ghali. Leta ya Uingereza imeweka faini mpaka pauni 1,000 kwa anayetumia karti isiyo yake, na mwaka 2012 wakabadilisha umbo lake ili isighushiwe kirahisi. Mwaka 2019, huko England, wakafungua mlango hata kwa wenye ulemavu usioonekana kwa macho, na hapo ikaongezeka shida mpya: mtu anashuka kwenye gari, anatembea vizuri, wapita njia wanamutukana kwamba ni mwizi, kumbe karti ni yake kabisa.

Wafaransa wao wana kibao ambacho ndugu zetu wa Paris na Lyon wanakijua vizuri, kinasema: kama unachukua nafasi yangu, chukua na ulemavu wangu. Kishike kichwani, nitakirudilia.

Halafu kuna parkingi za watu binafsi, na hapo ndipo wengi wetu wanapigwa. Duka kubwa lina uwanja wake, linaupatia kampuni isimamie. Kampuni haina polisi, ina kamera na barua. Mashariti yameandikwa kwenye kibao, na ukiingia na gari inahesabiwa kwamba umekubali, kama vile umetia sahihi kwenye mkataba. Kwa miaka mingi huko Uingereza walikuwa wakifunga gurudumu kwa chuma mpaka ulipe, lakini sheria ya mwaka 2012 ilikataza hiyo kwenye viwanja vya watu binafsi katika England na Wales. Wakabaki na barua. Mtu mmoja, Barry Beavis, alikataa kulipa pauni 85 kwa kupitisha muda wa saa mbili za bure, akapeleka kesi mpaka mahakama kuu ya nchi. Novemba 2015 mahakama ikasema kampuni ya ParkingEye iko na haki ya kudai. Na ile karti ya buluu ya mulemavu? Kwenye uwanja wa mtu binafsi haina nguvu ileile kama barabarani. Kampuni inalazimishwa na sheria ya usawa kumufikiria mulemavu, lakini yeye ndiye anayebaki kuandika barua na kujieleza.

Hata kwa majirani zetu kazi ya kudai pesa ya parkingi imekuwa ya watu wasio Leta moja kwa moja. Kampala ilikuwa kampuni ya Multiplex. Kigali kwa miaka mingi ilikuwa KVCS, ushirika wa wanajeshi wa zamani. Sioni ubaya ndani yake, mwanajeshi aliyerudishwa nyumbani naye anatafuta mkate. Ila mutaona mara nyingi: pale haki ya mulemavu inapokutana na mtu anayelipwa kwa kila jetoni anayokata, ile haki inahitaji kuwa imeandikwa mahali pa wazi sana.

Sasa turudi kwetu.

Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana, katikati yao ni mto tu. Bandari ya upande wetu inaitwa Beach Ngobila. Mabato ya ONATRA yalikuwa yakivusha watu na vitu, na katika enzi za Mobutu mulemavu alipewa upendeleo wa aina mbili. Kwanza, nauli yake ilipunguzwa. Pili, watu wa duane walimuacha apite na vitu vyake bila kulipa ao kwa kulipa kidogo. Haikuwa siasa kubwa ya ulemavu. Ilikuwa huruma ya Leta katika nchi ambayo watoto wengi waliguswa na polio na ambayo haikuwa na posho ya mulemavu. Badala ya kumupatia pesa, walimupatia nafasi ya kupita. Mzee aliyetuambia tujitegemee kwa ile kifungu cha 15 kisichoandikwa popote, alimupatia mulemavu kifungu cha 15 chenye kashe.

Na walemavu walifanya nini? Walifanya kile ambacho Mukongomani yeyote angefanya. Waliona kwamba mwili wao, ambao katika soko la kazi haukuwa na bei, kwenye mto ulikuwa na bei. Wakawa wafanyabiashara. Trisikli, zile za kuendesha kwa mikono, zikaongezwa urefu nyuma, zikawekewa sehemu ya mizigo. Ukiona trisikli moja inashuka kwenye bato, unaona magunia na mabalo, na mahali fulani katikati kichwa cha mwenye kuiendesha. Miaka ya 1990 ilipofika, zaïre ikaanguka kila siku, viwanda vikaibiwa katika upolaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993, mishahara ikawa hadithi. Ng'ambo ya pili kulikuwa na franka CFA, ambayo hata baada ya kukatwa nusu mwaka 1994 ilikuwa imara kuliko pesa yetu. Kuvuka mto kukawa njia ya familia nyingi za Kinshasa kupata chakula, na mulemavu ndiye aliyevuka kwa bei ndogo kuliko wote.

Hapo ndipo wenye miguu mizima walikuja.

Mulemavu hawezi kusukuma trisikli yenye magunia peke yake kwenye mteremko wa bandari. Anahitaji musaidizi. Na musaidizi huyo pia alikubaliwa kupita kwa masharti mepesi. Munaelewa tayari. Mama mfanyabiashara mwenye miguu yake miwili akawa musaidizi. Kijana mwenye nguvu akawa musaidizi. Tajiri ambaye hakutaka kufika kwenye jua akatuma vitu vyake viandikwe kwa jina la mulemavu. Beach ikawa mji ndani ya mji, na watu wa Kinshasa wakaipa jina la Rome, na wale wanaoishi kwa kazi za katikati pale mpakani wakaitwa Waroma. Mtafiti Clara Devlieger, aliyekaa na watu hao kwa muda, ameandika vizuri juu yao na juu ya walemavu wa Kinshasa. Ameonyesha pia kazi nyingine ya mjini, ambayo wengi wetu tumeiona bila kuielewa: kikundi cha walemavu wanaingia kwenye duka na barua yenye kashe na sahihi, mwenye duka anatoa kitu, anaandika kwenye karatasi yao. Wao hawaiiti kuomba. Kwao ni kazi yenye makaratasi.

Sasa mukumbuke kile kibao cha Wafaransa. Ulaya mtu anayeweka gari kwenye nafasi ya mulemavu hachukui ulemavu, anachukua nafasi peke yake, na mulemavu anabaki na hasara tupu. Anazunguka na gari mara tatu, anarudi nyumbani. Kwenye Beach haikuwa hivyo. Aliyetaka kuingia katika nafasi ya mulemavu alipaswa kumulipa mulemavu. Hakuweza kumuacha nyumbani na kwenda na karti yake, maana duane ilitaka kumuona mwenyewe, na trisikli yake, na miguu yake. Kwa hiyo udanganyifu uleule ambao London unamunyanganya mulemavu, Kinshasa ulimulisha. Walijenga nyumba, walioa, walisomesha watoto. Wengine wakawa na vyama vyenye marais na makatibu, na rais wa chama cha walemavu wa Beach hakuwa mtu wa kuchezewa.

Najua kuna wenzetu katika chama hiki waliosoma sheria na uchumi watakaosema: lakini hiyo ni magendo, Leta ilipoteza mapato. Ni kweli, ilipoteza. Ila niulize, yale mapato mengine ya duane ambayo hayakupotea kwa walemavu yalifika wapi? Mimi siwezi kumuhukumu mtu wa trisikli kabla ya kumuhukumu mtu wa mezani. Shida yangu na mpango ule ni nyingine kabisa, na iko hivi: ulisimama juu ya mazoea. Mwenye kuulinda alikuwa afisa wa siku hiyo. Akibadilishwa, bei inabadilika. Akiamka vibaya, trisikli inabaki nje. Kadiri wenye miguu mizima walivyojaa ndani, ndivyo ilivyokuwa rahisi kusema kwamba walemavu ndio wanaharibu duane, tuwafungie. Munaona mchezo: aliyedanganya ni mzima, anayepoteza nafasi ni mulemavu.

Na kweli ilianguka, wala si kwa sababu ya sheria. Aprili 2014 polisi wa Brazzaville walianza operesheni ya kufukuza wageni, jina lake Mbata ya bakolo. Zaidi ya watu laki moja walirudi Kinshasa katika miezi michache, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa woga. Kuvuka kukawa kwa pasipoti na viza. Biashara ya trisikli ya kuvuka mto, kama ilivyojulikana kwa zaidi ya miaka 30, ikakatika. Hakuna aliyewalipa fidia walemavu, maana fidia inalipwa kwa haki iliyopotea, na wao katika makaratasi hawakuwa na haki, walikuwa na huruma.

Kikundi cha Staff Benda Bilili, kile cha wanamuziki wa Kinshasa walioguswa na polio, kilitoka katika dunia hiyohiyo ya trisikli na barabara. Walitoa albamu mwaka 2009, filamu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010, wakazunguka Ulaya. Jina lao linataka kusema tazama mbali zaidi ya kile kinachoonekana. Wazungu wengi waliziona trisikli zao na kufikiri ni ubunifu wa wanamuziki. Zilikuwa magari ya kazi.

Tuje mashariki, kwetu karibu.

Goma na Gisenyi ni kama mji mmoja uliokatwa na barabara. Petite Barrière, kule upande wa Birere, kabla ya Korona ilikuwa ikihesabiwa kati ya mipaka inayopitwa na watu wengi zaidi Afrika, makumi ya maelfu kwa siku moja, wengi wao mama wenye ndoo za nyanya, kuku, unga, maharagi. Na ndani ya umati huo, trisikli. Walemavu wa Goma na wa Gisenyi wakawa wabebaji wa mizigo ya mpaka, na wana vyama na ushirika wao. Mantiki ni ileile ya Beach: mulemavu anapita na usumbufu kidogo, ushuru wake ni mwepesi ao wanamufumbia macho, basi mfanyabiashara mzima anapakia vitu vyake kwenye trisikli ya mulemavu na kumulipa kazi ya kuvusha. Mara nyingi utaona mulemavu mmoja na vijana watatu wanaosukuma, na hao vijana nao wanakula kwa trisikli ile. Gari zima la uchumi linakokotwa na kiti kimoja.

Kwa nini Goma na si sana Bukavu? Wengine watanipinga, lakini naona jibu la kwanza ni ardhi. Pale Petite Barrière ni tambarare, magurudumu yanatembea. Sisi huku ni milima. Kutoka daraja la Ruzizi ya kwanza mpaka mjini unapanda, na mutu wa trisikli yenye kilo mia mbili kwenye mteremko ule anahatarisha maisha yake na ya wanaomufuata. Mulemavu wa Bukavu hakupewa na jiografia kile mwenzake wa Goma alipewa. Alipewa vituo kama Heri Kwetu, ambako watoto wanafanyiwa mazoezi, wananyooshwa miguu, wanajifunza, na hiyo ni kazi kubwa isiyosemwa vya kutosha. Lakini ukimaliza Heri Kwetu unarudi katika mji ule ule wa ngazi na matope.

Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa ajili ya Korona. Bidhaa ziliendelea kuvuka, lakini kwa malori, kwa kuunganisha mizigo ya watu wengi pamoja. Mfanyabiashara mkubwa alipata njia, mama wa ndoo akapata nusu njia, mulemavu wa trisikli hakupata kitu, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa ni mwili wake kuwepo pale mpakani, na miili ndiyo iliyokatazwa. Ni hadithi ya Beach tena, miaka sita baadaye, upande mwingine wa nchi. Huruma haikuvunjwa na mtu mubaya. Mazingira yalibadilika, na hakukuwa na karatasi ya kushika.

Na karatasi, kusema kweli, zilikuwa zimeanza kuandikwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa njia za pekee, na Leta iko na wajibu wa kukuza uwepo wa walemavu katika taasisi za taifa, za jimbo na za mahali. Kifungu kinaagiza sheria ya kuonyesha namna ya kuitekeleza. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 serikali ikapata waziri wa kushughulika na walemavu, Irène Esambo, mwanasheria ambaye yeye mwenyewe ni mutu mwenye ulemavu. Na sheria iliyoagizwa na katiba ikatoka tarehe 3 Mei 2022. Hesabuni nyinyi wenyewe: miaka 16 kati ya katiba na sheria yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa katiba alikuwa anakaribia kumaliza sekondari.

Kenya walitutangulia, sheria yao ilitoka mwaka 2003, na sheria ya duane ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamusamehe mulemavu ushuru wa gari lililotengenezwa kwa ajili yake. Huko mulemavu anakuja na cheti, si na miguu yake. Ni maendeleo makubwa. Halafu tena, musishangae, magazeti ya kule yameandika juu ya matajiri wanaoingiza magari ya fahari kwa jina la mulemavu. Cheti kinaazimika kama karti ya London. Yaani huwezi kukimbia udanganyifu kwa kuandika sheria. Kinachobadilika ni swali la nani atalipia udanganyifu huo. Pale kuna sheria, mulemavu anaweza kusimama na kusema: muadhibu yule, mimi muniachie haki yangu. Mtu wa Beach hakuweza kusema hivyo. Akipiga kelele juu ya wadanganyifu, alikuwa anakata tawi alilokalia.

Sisi wa Luhwindja tunaingia wapi hapo? Wengine watasema huku hakuna parkingi, hakuna duane, hakuna bato. Sawa. Lakini kuna barabara za milima, kuna mashimo ya dhahabu ambako vijana wanavunjika kila musimu, kuna familia zilizohamishwa kwa ajili ya mgodi wa Twangiza na kupelekwa Cinjira, kule juu kwenye baridi na mwinuko. Fikiri mutu wa magongo anayeishi Cinjira na anayetaka kushuka sokoni. Hakuna aliyemuchorea nafasi popote. Kuna soko, na sokoni kuna mtu wa kodi. Kuna bureau ya chefferie, na kwenye bureau kuna ngazi. Wengi katika chama hiki ni watu wa kesho wa bureau hizo, wengine mumeanza kukaa ndani tayari. Mutakapoulizwa kama mulemavu alipe kodi ya meza sokoni ao asilipe, kuna njia mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni kumuambia mkusanya kodi amuache mama huyu apite. Nyingine ni kuandika kwenye orodha ya kodi, iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili na kwa Mashi, kwamba mtu wa namna hii halipi, na jina lake liko hapa, na anayeuza kwa jina lake bila yeye kuwepo atalipa mara mbili. Ya kwanza ni nzuri na inafurahisha moyo wa anayeitoa. Ni ileile ya Beach.

Neno la mahali katika kifungu cha 49 linagusa hata chefferie. Sijasikia bado mkutano wa kwetu ambapo lilisomwa.

Kuna jambo moja bado naliomba. Kati ya wazazi wetu kuna waliosoma ao kufanya kazi Kinshasa miaka ya 1970 na 1980, na wengine walivuka mto wakiwa vijana. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amuulize tiketi ya bato ilikuwa zaïre ngapi, ya mulemavu ilikuwa ngapi, na nani alikuwa akisimama mlangoni kuamua kwamba huyu ni mulemavu na huyu si mulemavu. Aandike kwa lugha yake, hata kwa Mashi, tarehe na bei na jina la bato kama analikumbuka. Wale wa Goma nao waulize wenye trisikli walianza mwaka gani kupita Petite Barrière, na trisikli ya kwanza yenye sehemu ya mizigo ilitengenezwa na fundi gani, katika mtaa upi wa Birere.